Ng'ombe wa Mzee Kasaine na Safari ya Wichita

Saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, Tabitha Kasaine anainama kando ya barabara ya kwenda Kajiado na kutumbukiza kipimo cha kioo ndani ya mtungi wa maziwa. Kipimo kinazama kuliko inavyotakiwa. Anakitoa, anakipangusa, anapima tena.

"Yeyo," anamwambia mwenye mtungi, mwanamke wa makamo aitwaye Rahab, akimwita mama kwa Kimaasai, "hii ng'ombe yako imekunywa mto wote?"

"Ni mvua imeingilia kwa mdomo wa mtungi."

"Mvua gani? Jana hakukunyesha."

Akina mama waliopanga foleni wanaangua kicheko. Rahab anaondoa mtungi wake bila haraka. "Na bado hujaenda Amerika," anasema. "Ukirudi kutoka huko si utatupima hata sisi wenyewe?"

Tabitha, mwenye umri wa miaka 26, hununua maziwa kwa wafugaji shilingi 13 kwa lita na kuyauza mjini Kitengela kwa shilingi 20. Msimu huu wa mvua anakusanya lita 180 kwa siku. Baada ya kulipia pikapu na kuondoa yanayoharibika, hubakiwa na takriban shilingi 500.

Ukame wa mwaka 2000 ulipozidi, alipata lita kumi na moja tu kwa siku. Mvua iliporudi, maziwa yakawa mengi hata akawa anayamwaga.

"Kiangazi natafuta, mvua namwaga," anasema. "Nikajiuliza, hii kazi nitaifanya hivi mpaka lini?"

Alimaliza kidato cha nne mwaka 1995. Miaka iliyofuata aliazima vitabu vya biashara kwa mwalimu mmoja wa Kajiado na kuvisoma ukurasa kwa ukurasa. Mwaka jana, katika duka la kompyuta mjini Kitengela, aliona tangazo la chuo kimoja cha Wichita, mji wa wastani katika jimbo la Kansas. Chuo hicho kilitoa nusu ya karo kwa wanawake wenye biashara ndogo. Aliandika, akakubaliwa kusomea usimamizi wa biashara.

Kwa nini asisomee Nairobi? Ananieleza bila kukasirika kwamba huko hakupata wa kumlipia hata robo. "Halafu nimesoma huko kuna wafugaji wenye kiwanda chao wenyewe cha maziwa. Wanakiendeshaje? Hiyo ndiyo nataka kuona."

Nusu ya pili ya karo ingelipwa na baba yake, Mzee Kasaine, kwa kuuza ng'ombe kila muhula. Mwezi Februari Tabitha alikwenda ubalozi wa Marekani kuomba viza. Afisa aliyemhoji alitaka kujua kama baba huyo anaweza kweli kulipa.

"Aliniuliza, baba yako ana ng'ombe wangapi? Nikasema, wachache."

"Kumi?"

"Wachache."

"Hamsini?"

"Wachache."

Alinyimwa viza. "Sikudanganya," anasema. "Nilijibu vile nililelewa. Kwetu mtu hataji hesabu ya ng'ombe. Ni kama unawaitia msiba."

Chuo kilikubali kumngojea hadi Agosti. Nafasi hiyo ikipita, nusu hiyo ya karo atapewa mtu mwingine. Ili aombe viza tena, kilichohitajika ni barua ya serikali yenye idadi ya ng'ombe. Mzee Kasaine, ambaye ni mzee wa kanisa, alikataa.

"Kuuza nitauza, hata leo," ananiambia nyumbani kwake. "Lakini kuhesabu, hapana. Nawajua wote. Moja akikosa jioni, najua ni nani, na najua mama yake. Hesabu ni ya nini?"

Felix, kaka yake Tabitha, aliona jambo hilo ni dogo. "Nilimwambia, simama tu hapo kwa geti wakitoka, uhesabu pole pole. Mzee atajua aje?"

Tabitha hakukubali. "Ng'ombe ni wake, na ni yeye atauza. Nianze safari yangu kwa kumwibia?"

Wiki tatu alimsemesha baba yake kila jioni, bila kupandisha sauti. Mwisho wa Aprili afisa wa mifugo wa serikali, Bwana Maundu, akaja kuchanja. Ng'ombe walipitishwa mmoja mmoja kwenye kijia chembamba kilichojengwa kwa miti, kila mmoja akadungwa sindano moja. Tabitha alisimama karibu na sanduku la chupa.

"Papa," akasema, "Bwana Maundu lazima aandike dawa aliyotumia."

Mzee aliegemea fimbo. Kisha akamgeukia afisa.

"Maundu, wewe ni mtu wa dawa, sivyo?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi hesabu dawa yako. Ng'ombe zangu usizitaje."

Bwana Maundu alihesabu dozi, akaandika barua na kuipiga muhuri. Inasema sindano ngapi zilitumika katika boma la Mzee Kasaine, na kwamba kila mnyama hudungwa mara moja. Mzee alikataa kusomewa.

"Hiyo ni ya wazungu," alimwambia binti yake. "Mimi usiniambie."

Jumatano ijayo, tarehe 11 Juni 2003, Tabitha atahojiwa tena. Amelipa upya ada ya viza, zaidi ya shilingi elfu saba, ambayo hairudishwi. Anakusudia kurejea baada ya miaka minne na kuwashawishi akina mama wa barabara hii waanzishe ushirika wenye mtambo wa kupoza maziwa. Rahab ameshasema atajiunga, mradi asiwe Tabitha wa kupima.

"Wakikataa tena, nitawauliza ni nini kimebaki, nikitafute," anasema.

Namwuliza kama ameshajizoeza kuitamka idadi yenyewe. Anatikisa kichwa.

"Ni ngapi?" namwuliza.

Anacheka, anafunga kifuniko cha mtungi wa mwisho na kuupandisha kwenye pikapu.

"Hiyo nitaisema mara moja tu maishani," anasema. "Jumatano."