Mwatima Aenda Kuuangalia Msitu wa Mlola

Kwa miaka kumi na moja Mwatima amewafungia wageni chakula cha kwenda nacho msitu wa Mlola, na kwa miaka yote hiyo yeye mwenyewe hajatia humo hata kidole cha mguu. Anapika katika hoteli moja ya Utende. Chapati mbili, yai la kuchemsha, kipande cha samaki wa kukaanga, papai. Mfuko unapanda gari na wageni wake, yeye anarudi kwenye sufuria. Jioni wanarejea wekundu kama kaa wa kuchemsha, matope magotini, wanamwuliza kwa kile Kiswahili chao cha siku tatu, "Mama, wewe penda msitu?" Hujibu kwamba anaupenda sana. Safari moja Mjerumani mmoja king'ang'anizi alitaka kujua ni sehemu ipi anayoipenda zaidi. Mwatima akajibu bila kupepesa, "Ile ya katikati."

Uongo huu haukumdhuru mtu, maana msitu hauna mdomo wa kukanusha. Ila meneja ana masikio. Meneja mwenyewe ni Sohail, kijana wa duka la vitambaa Kilindoni, aliyechoka kupima mita akaja Utende kuhudumia watu. Mwezi wa tano, hoteli imefungwa kwa ajili ya masika na wafanyakazi wanapaka rangi, akamwita ofisini.

"Bi Mwatima, wageni wa kiangazi wanaanza kuingia tarehe mosi mwezi wa saba." Kiangazi alichosema ni cha Ulaya, huku kwetu wakati huo upepo wa kusi unavuma na watu wanagombea mablanketi. "Mwaka huu wewe ndiye utakayewatembeza Mlola. Siyo mambo ya ndege na majina ya Kilatini, hayo wana vitabu vyao. Wewe waoneshe miti ya kula, miti ya dawa, mama zetu wanaitumiaje. Jikoni nitaweka mtu mwingine."

"Jikoni mtu mwingine?"

"Miaka kumi na moja unavuta moshi, mama. Hutaki kupumua?"

Alitaka. Kifua chake kilikuwa kimeshaanza kukohoa kabla ya yeye kuamka. "Mlola?" akasema. "Kule naingia nimefumba macho." Kati ya yote aliyowahi kusema kuhusu msitu huo, hilo ndilo lililokaribia ukweli.

Akarudi nyumbani kupanga. Kuwauliza waongozaji wa hoteli kungekuwa sawa na kutangaza kwenye spika ya msikiti. Mtu aliyeujua msitu kweli alikuwa Bimkubwa, dada mkubwa wa mumewe, aliyeolewa upande wa Mlola miaka kumi na miwili kabla ya kuachika na kurudi Utende. Lakini Bimkubwa ni wifi. Mwatima alikuwa radhi amtafune kaa akiwa hai kuliko kumwambia wifi yake kwamba kuna kitu hakijui.

Kwa hiyo akatafuta kificho. Alasiri moja, wanawake sita wamekaa ukumbini wanasuka ukili wa mikeka, akasema kama mtu aliyekumbuka tu, "Jamani, twendeni siku moja tukatembee Mlola."

"Kuna msiba?" akauliza Arafa, jirani yake.

"Hakuna msiba. Kutembea. Tunaingia msituni, tunaangalia."

"Tunaangalia nini?"

"Miti."

Mikono ikasimama. Bimkubwa akautazama mnazi uliokuwa pale uani, akamtazama Mwatima, akautazama tena mnazi. "Huu umeshakuchosha, wifi?"

"Nitapika pilau," akasema Mwatima.

Kumbe wote walikuwa na hamu ya miti.

Akaenda ofisi za hifadhi kwa Marijani, askari kijana mwenye sare iliyopigwa pasi hadi inakata. Marijani akaandika barua: wanawake sita, kuangalia tu, bila kukata hata kijiti, dhamana ni Bi Mwatima. Mwatima akatia saini. Usiku ule akabandika ukutani orodha kama ya hotelini: maji, kofia, viatu vya kufunika vidole, dawa ya mbu. Mumewe, Mfaume, akaisoma mara mbili. "Na pasi ya kusafiria?"

Jumamosi ya safari, ikiwa imebaki wiki moja na nusu wageni waingie, wakapanda pikapu ya kubebea madafu na kusimama ofisini kumchukua Marijani. Akatia mguu garini, kikapu kimoja kikapinduka, ukatoka mundu. Akainua kitambaa cha kikapu cha pili: mundu. Vikapu vitano, miundu mitano, kata tano za kubebea mizigo kichwani, na kamba inayotosha kufungia jahazi.

"Shikamooni, mama zangu," akasema taratibu.

"Marahaba!"

"Huku ndiko kuangalia?"

"Mwanangu," akasema Bimkubwa, "mwanamke akitoka msituni kichwa kitupu, si watu watauliza alikuwa na nani?"

Wenzake wakaitikia. Tangu wakiwa wasichana, kuni kichwani ndizo zilizokuwa ushahidi wao. Hakuna aliyewahi kufikiria kwenda msituni bila ushahidi.

Marijani akaikunja barua. "Basi safari imekwisha. Njooni mwakani. Na wewe Bi Mwatima, wala usisikitike. Meneja wako anasema msitu huu unaujua kutushinda sisi. Ukiukosa leo umepungukiwa nini?"

Mwatima akaona jiko. Aliliona na moshi wake, na sufuria lake lenye sikio moja, likimngoja hadi azeeke. Upande wa pili amekaa wifi yake, masikio yamesimama.

"Siujui," akasema.

"Huujui nini?"

"Msitu. Sijawahi kuuona. Miaka kumi na moja nimedanganya wazungu, na sasa nimekubali kuwaongoza. Nisipoingia leo narudi jikoni."

Arafa alicheka hadi akateremka garini ili apate nafasi ya kucheka vizuri. Bimkubwa hakucheka. Alikusanya miundu, mmoja mmoja, akampa Marijani yote mitano. "Tunza ofisini. Huu wangu una mpini mpya, usijejisahaulisha." Kisha akamgeukia Mwatima. "Mbona hukuniuliza?"

"Ungenicheka."

"Ningekucheka sana. Halafu ningekupeleka."

"Na wakikuuliza ulikuwa na nani?"

"Nilikuwa na wifi yangu. Panda, kijana, pilau linapoa."

Wakaenda. Bimkubwa akatangulia kwenye njia kama mwenye nyumba anayewaonesha wageni vyumba. Huu mbungo, tunda lake linakamuliwa juisi. Huu mfuu. Huu magome yake yanachemshwa kwa mtoto mwenye tumbo, usikosee na ule mwenzake, ule unamaliza tumbo na mtoto. Hapa ndipo kima alipomnyang'anya mume wake wa zamani muhogo mdomoni. Na huyo kima, akaongeza, alikuwa na adabu kuliko mume. Kwa kila mti Mwatima alifunga fundo moja kwenye upindo wa kanga asije akasahau. Hadi adhuhuri alikuwa na mafundo thelathini na moja, na hakukumbuka hata moja lilikuwa la nini.

Akakaa juu ya gogo, akacheka peke yake. Kisha akasema, "Wifi, Jumatatu unakwenda nami kwa Sohail."

Jumatatu akamweleza meneja yote, ya miaka kumi na moja na ya mafundo. Sohail akashika kichwa. "Kwa hiyo mimi nimewaahidi watu mwongozaji ambaye hayupo?"

"Yupo. Yeye ataonesha, mimi nitawaeleza wageni na kuwalisha. Tuchukue wote wawili."

Sohail akamtazama Bimkubwa kwa mashaka. "Haya bibi, niambie mti mmoja tu."

Bimkubwa akavua kandambili, akakaa vizuri kwenye kiti, akaanza. Adhana ya adhuhuri ilipomwinua Sohail kwenda kuswali, alikuwa ameshaandika majina mawili kwenye ratiba ya tarehe mosi, na Bimkubwa alikuwa bado hajaumaliza mti wa pili.