Faili la Wote

Nilibishana na bosi wangu mpya wiki nzima, tena kwa sauti, juu ya faili moja la kompyuta. Watu walitucheka. Acha wacheke.

Hapa chuoni kwetu Morogoro mimi ndiye mtunza seva, kompyuta kubwa ambayo wahadhiri na wanafunzi wanaitumia kwa pamoja. Ukiingia, linafunguka dirisha jeusi la kuandikia amri. Kabla halijakusikiliza wewe, linasoma kwanza faili la wote, na hilo nililiandika mimi. Humo niliweka njia za kufikia programu za utafiti, ili mtu kama yule binti aliyetujia kutoka Mlali, ambaye hajawahi kuona dirisha la namna hiyo, asihangaike. Mstari wa kwanza ulisema: “Karibu, mwenzetu. Umeamkaje?”

Bosi ni kijana, umri wa mwanangu. Kila asubuhi ananipa shikamoo kabla hata hajaweka begi chini. Ila kwenye hoja hana huruma.

“Mzee wangu, faili la wote lisiwepo. Kila mtu awe na lake. Wewe ukikosea herufi moja, chuo kizima kinakwama.”

“Kwa hiyo mgeni unampokea kwenye nyumba tupu?” nikamwambia. “Ajitandikie kitanda mwenyewe? Huo ustaarabu wa wapi?”

“Nyumba ni yake, mzee. Apange anavyotaka.”

Alikuwa na hoja, na hilo ndilo lililoniuma. Maana mimi sikuwa natetea faili. Mke wangu alishafariki, watoto wako Dar, nyumbani naongea na sufuria. Faili lile ndilo lililokuwa mahali pekee ambapo watu walipita kwangu kila siku. Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi mimi nilikuwa napona hivyo. Likiondoka, nani atakuwa na haja na mimi?

Ijumaa akaliondoa. Jumatatu niliwahi kazini, mvua inashuka kutoka milima ya Uluguru, nikaweka simu mezani nikisubiri vilio. Watanitafuta tu, nikajisemea. Wapi! Mpaka mchana hakuna aliyepiga. Nikaenda maabara kwa yule binti wa Mlali.

“Shikamoo, baba.”

“Marahaba. Mambo yanakwenda?”

“Yanakwenda vizuri tu.”

Kwenye dirisha lake nikaona maneno yangu yaleyale, hadi alama ya kuuliza.

Kumbe bosi alikuwa amenakili faili langu na kulipeleka kwenye sehemu ya kila mtumiaji, mmoja mmoja, apate lake la kupanga atakavyo. Kazi safi, sina la kulaumu. Nikarudi ofisini kufungua dirisha langu. Jeusi tii. Hakuna neno hata moja.

Bosi alipopita nikamuuliza. Akashika kichwa.

“Samahani sana, mzee wangu! Kwako sikuthubutu kuingia. Mtoto haingii chumbani kwa baba yake.”

Aliyasema kwa heshima tupu, nikashindwa hata kukasirika. Nikamwambia si neno, nitajiandikia mwenyewe, naye akaenda zake kula.

Nikafungua faili jipya, nikaandika: Karibu. Nikalitazama neno hilo kwa muda, kisha nikalifuta. Anayesema karibu ni yule aliyemo ndani, na mimi ndiye niliyekuwa mlangoni.