Shahidi Kwenye Keria

Juzi hapa Msambweni, penye kijiwe changu cha madafu, walisimama vijana wanne wa baiskeli, nguo zimewabana kama ganda la ndizi. Wametoka Diani, wanakwenda Lunga Lunga na kurudi, ati kunyoosha miguu! Mmoja alikuwa na kikamera juu ya kofia.

"Na hicho kidude kichwani, mwanangu, cha nini?"

"Cha kurekodi, mzee. Ukisema umefika mahali na mtu abishe, unamuonyesha tu."

Nikamkatia dafu, nusu ya maji nikamwagia miguu yangu. Baba yangu hakuwa na kidude kama kile. Alikuwa na mimi.

Baba alikuwa akibeba watu na nazi kwa baiskeli, na kwa maneno alikuwa na chumvi kuliko bahari yote ya kutoka hapa hadi Vanga. Akivua samaki changu mmoja, akifika nyumbani amevua papa, na papa kamsalimia. Mji mzima ukimwita Chumvi, naye akicheka. Mpaka siku ile alipouona mwezi wa Ramadhani.

Aliuona kweli, kule ufukweni, yeye peke yake. Akakimbia msikitini kandambili mkononi, akasema, "Wallahi nimeuona!" Watu wakaangua kicheko. Fundi cherehani, jirani yetu, akasema, "Chumvi kauona mwezi? Basi huenda ilikuwa miwili!" Ushahidi wake haukupokewa. Siku mbili baadaye ikaja habari kuwa mwezi umeonekana kwengine pia. Hakuna aliyemwomba radhi. Baba alifunga peke yake siku ile ya kwanza, na mimi sikupata kumuona mtu ana njaa ya namna ile, maana haikuwa ya chakula.

Shule zilipofungwa akasimama kwenye baraza la kahawa akatangaza: ataivuka nchi hii kwa baiskeli, mpaka kwa mpaka, Lunga Lunga upande wa Tanzania hadi Busia upande wa Uganda. "Na safari hii nakwenda na shahidi." Akanionyesha mimi. Nilikuwa na miaka tisa.

Mwenzangu, nilikaa kwenye keria, kile kiti cha chuma cha nyuma, siku ishirini na tatu, hata leo nikikaa kwenye kochi naona limekosea. Kazi zangu zilikuwa kupiga pampu, kushika kibuyu cha maji, na kwenye kilima kushuka nikisukuma. Mlima wa Mazeras nilidhani tukifika juu tutawakuta malaika wanaanika nguo. Taru kulikuwa na jua la kukaanga mayai kabla kuku hajataga. Tukila viazi vya karai na pilipili, vikiisha tukila mihogo, ikiisha tukila hadithi za Baba. Tulilala misikitini na kwenye vituo vya mafuta. Mnyororo ulilia kwichi, kwichi, na Baba akiimba kuufuata. Limuru, kwa baridi, meno yangu yalipiga ngoma hata wapita njia wakauliza harusi ya nani. Baba akavua koti lake akanivisha, yeye akabaki na fulana, akasema, "Kilima hakipandwi kwa macho, mwanangu. Kanyaga." Na anayekanyaga ni yeye!

Kurudi tulipanda basi, baiskeli juu ya paa. Tukashuka Msambweni alasiri, Baba hakupita nyumbani hata kunawa uso. Alinivuta moja kwa moja mpaka kwenye kahawa.

"Karibu, Chumvi," akasema muuza kahawa. "Uganda hawajambo?"

"Tumefika," Baba akasema. Neno moja tu. Sijawahi kumsikia akisema neno moja tu. "Muulizeni shahidi."

Fundi cherehani akanigeukia. "Haya mwana, sema kweli. Mlifika Busia?"

Vikombe vikawekwa chini. Wanaume wazima kumi na zaidi wananitazama mimi, mtoto wa kutumwa chumvi dukani. Basi shetani akanitekenya ulimi. Nikasema, "Tulifika Mariakani. Hapo Baba akalala, nchi iliyobaki akaiota."

Loo! Kicheko kilichopasuka hapo! Kahawa ilimtoka fundi puani. Mtu mmoja alianguka kutoka kwenye benchi, na hilo silitii chumvi. Baba naye alitabasamu, akingoja. Alijua mzaha, alijua mtu hutania kwanza halafu husema kweli. Alikuwa akiningojea mimi nimalize. Nami utamu wa kuchekesha ulikuwa umenipanda kichwani, nikaongeza, "Na alikoroma mpaka Kisumu."

Tabasamu lile nililiona likiondoka usoni mwake. Akashika usukani wa baiskeli. "Twende nyumbani, mwanangu. Mama yako anangoja."

Hakunichapa. Angenichapa ningeshukuru. Tangu siku ile kwenye kahawa hakukaa tena, na akivua changu mmoja alisema ni changu mmoja. Mama akiniuliza, "Umemfanya nini baba yako?" nami nikichukua ndoo kwenda kisimani.

Asubuhi ya pili nilirudi kule kuapa. Nikaapa kwa Mungu, nikalia. Fundi akasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka. Na mtoto wa Chumvi?" Wote wakajibu, "Kijiko!" Jina hilo ninalo mpaka leo.

Tulipomzika Baba, imamu aliuliza watu, "Mnamshuhudia vipi maiti huyu?" Wakaitikia, "Mtu mwema." Mimi nikasema kwa sauti, "Alifika." Nyuma yangu mtu akabana kicheko. Alidhani Kijiko anatania hata kaburini.

Sasa lile baraza la kahawa ni duka la simu. Fundi amekufa, muuza kahawa amekufa, hata yule wa benchi. Siku hizi natembea na ukweli wangu kama mtu aliyekuja na zawadi akakuta wenyeji wamehama. Basi pokea wewe, na safari hii sitii hata punje.

Tulifika Jumanne, baada ya adhuhuri. Kulikuwa na malori mengi na mwanamke akiuza ndizi mbivu. Baba alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye nguzo, akaenda kukigusa kizuizi cha mpaka kwa mkono wa kulia. Vidole vyake vilikuwa vimepasuka. Akanigeukia, midomo mikavu, akaniuliza, "Umeona?"

Nikamwambia, "Nimeona, Baba."