Kura ya Mama Nyanjige

Mwalimu Kwandu Mboje alikuwa amesimamia kituo cha kupigia kura mara mbili, na mara zote hakupata taabu zaidi ya jua na foleni. Uchaguzi huu mdogo wa diwani, kituo kilikuwa darasa lake mwenyewe, la tatu, katika kijiji kimoja nje ya Lalago.

Saa nne asubuhi aliingia Mayige, mwenyekiti wa kamati ya shule, amemshika mkono mama yake, Nyanjige, ambaye macho yalimwishia miaka minane iliyopita. Jina la mama likatafutwa daftarini, likapatikana.

"Nipe karatasi yake, mwalimu," Mayige akasema. "Mimi ndiye humpigia."

Kwandu akamwinamia yule mama, akamwamkia kwa Kisukuma. "Mwangaluka, mayu. Unataka nani akusaidie?"

"Mwangaluka, mwanangu." Nyanjige akaitikia. "Kwani lazima nisaidiwe?"

Mawakala wa vyama wakainua vichwa. Hakuna asiyejua kwamba Mayige alimfanyia kampeni mmoja wa wagombea watatu kwa pikipiki yake mwenyewe. Tena ndiye aliyempigania Kwandu hadi akapata nyumba ya shule.

Kwandu akakumbuka semina ya wasimamizi wa vituo kule mjini Nyalikungu. Mkufunzi aliwasimulia kwamba nchini Gambia watu wamekuwa wakipiga kura kwa gololi: unaidumbukiza kwenye pipa la mgombea wako, kengele inalia mara moja, basi. Walicheka sana siku ile. Sasa alitamani hayo mapipa. Ila kwenye sanduku la vifaa kulikuwa na jalada lenye matundu na nundunundu, la wasioona, ambalo hakuna mtu aliyewahi kuliomba. Akaingiza karatasi ndani yake, akampapasisha Nyanjige matundu yote matatu, akamsomea majina kwa sauti kutoka juu kwenda chini.

"Tia alama ya vema kwenye tundu la unayemtaka. Mayige, subiri nje."

"Unanitoa mimi, mwalimu?"

"Msaidizi anachaguliwa na mpiga kura. Mama hajakuchagua."

Mayige akatoka. Nyanjige alikaa kituturini, pale pa kupigia kura kwa siri, hadi foleni ikaanza kunung'unika. Alipomaliza, Kwandu akauongoza mkono wake kwenye sanduku, kisha kidole kikapakwa wino, naye akatoka akipapasa ukuta.

Jioni kura zilihesabiwa, matokeo yakabandikwa mlangoni. Mgombea wa Mayige aliongoza pale kituoni kwa kura kumi na moja. Hata hivyo, kwa wiki tatu Mayige alimpita Kwandu njiani bila salamu, na mwalimu akaanza kuwaza atahamia wapi akinyang'anywa nyumba.

Siku ya kikao cha kamati, Mayige akaingia ofisini kabla ya wenzake.

"Mwalimu, mama alimpa nani?"

"Sikuona."

"Namwuliza kila siku, ananicheka tu." Akatikisa kichwa, na yeye mwenyewe akacheka. Kisha akavuta kiti, akauliza leo wanaanza na ajenda gani.