Mkono wa Kupimia Mahindi

Mkono wangu wa kulia una vidole vitano. Nilivihesabu mara mbili siku walipofungua bandeji, kwa sababu tangu lori lipinduke kwenye mteremko wa Vidunda na magunia ya mahindi kunilalia, kila aliyekuja kunipa pole alinitazama kama mtu aliyepungukiwa. Vyote vilikuwepo. Ila kifundo cha mkono kilikuwa kimevunjika, na vidole havikutaka kukunjika.

Kazi yangu ilikuwa kupima. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, ushirika umelegea, kila mwenye lori anajiita mnunuzi. Walikuja Kilosa na madebe yao, na mengi yalikuwa yamegongwa nyundo kwa ndani hadi yakaota kitambi. Kwa hiyo pale gulioni mkulima na mnunuzi walitafuta mtu wa kati, mwenye debe lisiloguswa na mkono usio na upande. Huyo nilikuwa mimi. Unachota, unafuta mdomo wa debe kwa kiganja mpaka mahindi yawe sawa na ukingo, unamimina, unataja hesabu mara mbili ili wote wasikie: "Tatu ndiyo tatu!" Debe sita, gunia.

Mnunuzi wangu mkubwa alinifuata mpaka wodini na machungwa.

"Pole sana, kaka. Gulio la kwanza la mavuno nakutegemea. Usipokuwepo namchukua mwingine, usininunie."

Sikununa. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, na machungwa nisingeleta.

Nimekulia kambi ya mkonge, Rudewa. Pale niliona watu walioumizwa na mashine ya kukamua mkonge. Kidonda kilipona, mtu akafunga mizigo yake, habari ikaishia hapo. Sikujua kwamba baada ya kidonda kupona kuna kazi nyingine, na kuna mtu aliyekwenda shule kuisomea.

Nilimkuta Mikumi, hospitali ya misheni, chumba cha mwisho, kibao mlangoni: Tiba kwa Vitendo. Dada mwembamba, raba nyeupe, umri wa binti yangu mkubwa.

"Shikamoo, baba. Unafanya kazi gani?"

"Marahaba. Nimekuja kutibiwa, sista, sikuja kuomba kazi."

"Mimi si sista. Unafanya kazi gani?"

Nikamwambia. Akaniwekea bakuli la kunde zilizochanganywa na mchanga, nizitoe moja moja kwa mkono mbovu.

"Nyumbani ninao watu wa kuchambua kunde," nikasema.

"Hao vidole vyao vinakunjika. Toa thelathini."

"Kumi na tano."

"Baba, hapa si gulioni."

"Haya, ishirini, tusigombane."

"Arobaini."

Tangu nianze biashara sikuwahi kukutana na bei inayopanda kila ninapoomba punguzo. Nikatoa arobaini haraka kabla haijafika hamsini. Jasho lilinitoka kama napakia lori.

Kila Jumanne nilitoka Kilosa kwenda kuchambua kunde, kukamua kitambaa kibichi, kufinyanga udongo. Nilikuwa nahesabu majuma yaliyobaki kabla ya gulio la mavuno. Yalipobaki matano akaniambia, "Juma lijalo njoo na debe."

Nikaenda nalo. Akamwaga mchanga mkavu sakafuni, akasema nipime kwa mkono mzima, polepole, kama niko gulioni. Akachuchumaa pembeni na daftari. Nilipomimina debe moja akauliza, "Kiganja unakigeuza mara ngapi?"

"Mara moja. Wakati wa kumimina."

"Mara tatu. Unapochota, unapofuta, unapomimina. Na gulioni kila mara utabeba uzito wote kwa kifundo kilichovunjika."

Nikarudia, nikihesabu. Tatu. Nikarudia tena, maana mimi sihesabu mara moja. Tatu. Miaka kumi na minne nimekula kwa kupima, na binti aliyenitazama kwa dakika tano aliijua kazi yangu kuliko mimi. Nilikaa chini.

"Sasa niambie," akaendelea, "katika hayo matatu, wakulima wanakuamini kwa lipi?"

Sikuwahi kuulizwa. Nikafikiri. "Kufuta."

"Basi kufuta utafuta wewe. Kuchota na kumimina tutakupunguzia."

Alichora meza fupi ya mbao, yenye urefu wa gunia lililosimama. Shemeji yangu angechota kwa kopo, mimi ningefuta, halafu ningeliinamisha tu debe kwenye ukingo wa meza, mahindi yaingie guniani bila kunyanyua. Fundi bati akachomelea kishikio ubavuni mwa debe, tukakizungushia mpira wa tairi. Nilikishika. Vidole vikakunjika mpaka mwisho.

Gulio la kwanza la mavuno nilifika mapema na meza yangu. Mnunuzi alisimama kando, amekuja na mpimaji mwingine, endapo nitashindwa. Dada naye alikuja na daftari lake. Mkulima wa kwanza alikuwa mama mmoja mtu mzima kutoka Msowero, na magunia sita. Akalitazama debe, akakitazama kishikio.

"Hili limeguswa."

Tulifikiria mifupa, mbao, mpira, vyote. Tukasahau kwamba Kilosa debe lililopita kwa fundi ni debe la mwizi.

"Mama, shikamoo. Ni kishikio tu, mkono wangu uliumia."

"Marahaba. Mkono umeumia wewe, mbona limekwenda hospitali debe?"

Watu wakacheka. Mpimaji mwingine akasogea. Nikamtazama dada, naye akalifunga daftari. Jibu la hapo lilikuwa langu.

"Leta debe lako ulilotoka nalo nyumbani," nikamwambia mama. "Lijaze, ulifute mwenyewe, ulimimine humu."

Akalijaza, akalifuta kama anapaka nyumba udongo. Akamimina. Mahindi yakafika ukingoni, yakasimama. Akainama kuchungulia upande huu, akazunguka upande wa pili. Kisha akashika mkono wangu, akavikunja vidole kimoja kimoja, vyote vitano.

"Pima," akasema.

Moja ndiyo moja. Gunia la nne mkono ukaanza kuchoka. Dada akanionyesha kwa macho nipumzike, nikapumzika, na hakuna aliyeondoka. La sita likashonwa. Yule mama akamwita mwanawe, akamwambia alete gunia la saba, alilokuwa amelificha nyuma ya kibanda cha chumvi mpaka aone kwanza kama tunapima kwa haki.

Mnunuzi akamwambia yule mpimaji mwingine anaweza kwenda kunywa chai.