Mlango Uliofungwa Nusu

Iko asubuhi moja ya ujana wangu ambayo hainitoki, Rehema mwanangu, na leo umenikumbusha kwa nguvu. Umekuja kuniamkia na buibui tayari, mkoba kwapani, unaharakia Malindi ukazitoe benki pesa zote za chama chenu cha kina mama, zile mlizochanga mnunue mashine ya barafu. Kisa? Sauti ya mtu usiyemjua imeingia kwenye simu yako ikisema benki yenu inafilisika. "Babu, watu wote wanatoa!" Watu wote! Hao watu wote mimi nimeshakutana nao. Hebu kaa, uweke mkoba chini.

Nilikuwa kijana wa dukani kwa Mzee Karsan, Mhindi aliyeuza vitambaa mjini Malindi, ubavuni mwa benki. Wenye maduka wa mtaa ule walikuwa na ada yao: jirani akifiwa, kila mmoja hufunga ubawa mmoja wa mlango wake mpaka maiti atoke. Biashara haisimami, ni heshima tu. Alfajiri ile mamake Mzee Karsan alifariki, huko ghorofani juu ya duka. Mimi ndiye niliyetumwa kuwaarifu majirani, na benki nayo, kwa ujirani mwema, ikafungua nusu ya mlango.

Basi! Wa mtaani walijua maana yake. Lakini kulikuwa na watu walioingia mjini kutoka Gede, Mambrui na kwingineko, wakaona benki imefungwa nusu na kina mama wanalia pembeni. Mmoja akauliza kulikoni. Mwingine, asiyejua kitu, akamjibu kama ajuaye. Jua halijapanda sawasawa, foleni imeshaupita msikiti.

Nilipiga kelele mpaka sauti ikanikauka. "Jamani, ni msiba! Aliyekufa ni bibi wa watu, benki haijafa!" Nani anisikilize? Shangazi yangu Mwanaesha, mkewe mvuvi wa Mambrui, alikuwa katikati ya foleni, amejifunga kanga kiunoni. Nikamshika mkono nimtoe.

"Niache mie!" akanikemea. "Lisemwalo lipo, ikiwa halipo laja."

Mara Mzee Karsan na nduguze wakamteremsha mama yao, mabegani, wampeleke kuchomwa kama ilivyo mila yao. Foleni imeziba njia. Hakuna aliyesogea, maana ukisogea unapoteza nafasi. Maiti, mwanangu! Sisi tunaompisha maiti hata tusiyemjua jina, siku ile tulimwacha angoje. Nilitamani kumpiga mtu kofi, wallahi.

Mzee Karsan hakupaza sauti. "Pesa yangu pia iko humo ndani," akasema, "tena nyingi kuliko ya yeyote hapa. Pesa itangoja. Nipisheni nikamsitiri mamangu."

Wakasogea kwa aibu, wameinamisha vichwa. Alipopita tu, wakabanana tena pale pale! Ndiyo maana nikisikia "watu wote" kichwa huniuma.

Na lililosemwa likaja kweli. Benki haizikalii pesa za watu, mwanangu, huzikopesha. Akiba ya Shangazi alikuwa nayo tajiri wa samaki, yule yule aliyenunua samaki wa mumewe. Adhuhuri noti zikaisha, na benki iliyoamka nzima ikafunga mlango wote. Mpaka benki kuu ije kuiokoa kwa mkopo, tajiri hana mahali pa kupata fedha, wavuvi hawalipwi. Shangazi akala zile zile pesa alizozitoa. Zilikuwa za mabati. Nyumba yake ilivuja mpaka akaingia kaburini.

Sikwambii benki hazianguki. Huanguka, na nyingine huangushwa na wenyewe kwa wizi. Basi nenda, lakini nenda ukaulize. Hesabu zao hutangazwa magazetini, zisome, na usipoelewa mtafute anayeelewa. Serikali ina mfuko wa kuwalinda wenye akiba, ila una kikomo. Kijue, na kitakachozidi mkigawe, mkiweke benki nyingine kwa utulivu, baada ya kushauriana na wenzio. Hizo si zako peke yako, ni amana. Na hiyo sauti usimtumie mtu mwingine, nakuomba! Majuto ni mjukuu, na mimi mjukuu ninaye mmoja, ananitosha.

Haya, inuka. Mola akupe subira ambayo mimi sikujaliwa, ailinde amana iliyo mkononi mwako, na barafu yenu ije iwe ya kheri kwa kila nyumba. Na ukifika Malindi ukaukuta mlango umefungwa nusu, kabla hujashika foleni, uliza kwanza ni nani aliyefiwa.