Tumbili wa Sabato

Tumbili waliomaliza mahindi ya mama niliwakaribisha mimi mwenyewe, mchana kweupe, siku ya Sabato. Si kwamba nililala. Nilikuwa macho kabisa, tena nimeketi katikati yao nikitafuna majani ya mahindi kama ng'ombe asiye na mwenyewe.

Lawama nusu apelekewe yule dada Mzungu. Gari lake lilinasa matopeni karibu na shule yetu akitoka msituni Tanzania, na mwalimu mkuu, badala ya kumpa chai apumzike, akamleta darasani. Alisema kazi yake ni kukaa na sokwe. Tukangoja aendelee. Kumbe amemaliza, hiyo ndiyo kazi yenyewe. Waliomtangulia katika msitu ule walikwenda na bunduki. Yeye alikuwa wa kwanza kwenda na mkeka. Sokwe wakamkimbia miezi na miezi, naye hakuwafuata. Aliketi tu, akajikuna, akajifanya anakula majani, wala hakuwatazama machoni.

"Kama mtu aliye mbele ya mama mkwe!" nikasema kutoka nyuma.

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu alinitolea macho, lakini ilibidi atafsiri. Dada yule akacheka kutushinda sote, akasema ni hivyo hasa, na kwamba mimi ningeifaa kazi ile. Sasa mtu ukiambiwa hivyo mbele ya wasichana, utafanyaje?

Sokwe hatuna Kisii. Tumbili tunao wa kuuza ng'ambo, kama vinyago vya mawe vya Tabaka.

Baba yangu anafanya kazi ofisini mjini, na anapenda sana chai; si kuinywa, kuipanda. Aliipanda kila mahali mpaka akambakizia mama kipande kimoja tu kando ya mto. Mahindi ya kipande hicho ndiyo ugali wetu hadi mavuno mengine, na wakati huo yalikuwa yameshatoa ndevu, yamejaa vizuri. Siku za juma tuliyalinda kwa kombeo. Taabu ilikuwa Sabato: kurusha mawe ni kazi, na kazi siku hiyo ni dhambi. Mama akapata njia. Anayebaki shambani aimbe nyimbo za kanisani kwa sauti kubwa. Na kweli tumbili hawakuzipenda, hasa nikiimba mimi.

"Uimbe mpaka nirudi," alisema Sabato hiyo akifunga kitambaa. "Nataka nikusikie nikiwa kule kanisani."

Niliimba mpaka alipopotea mlimani, nikaongeza wimbo mmoja wa kumsindikiza. Kisha nikanyamaza, nikaketi kati ya mistari, nikaanza utafiti.

Walikuja polepole. Dume kubwa lilikaa juu ya mkaratusi likinipima. Nikajikuna kwapa. Nalo likajikuna. Jamani, moyo wangu! Nikatafuna jani, nikatazama chini kwa adabu, na ukoo mzima ukashuka, akina mama na watoto wakining'inia tumboni. Mmoja alikula hindi karibu nami hata nikasikia meno yake. Dada Mzungu alingoja miezi. Mimi, ibada haijaisha, nimeshakubaliwa! Haikunijia hata kidogo kwamba sokwe wake hawakuwa wakila ugali wake.

Kanisa letu liko mlima wa pili, na kimya changu kilifika huko. Mama alivumilia mpaka sadaka, kisha akatoka. Alinikuta nimetambaa kwa mikono na magoti, jani mdomoni, tumbili pande zote.

"We! Unafanya nini?"

"Sss, mama! Usiwatazame machoni. Ndiyo kwanza wameanza kuniamini."

Hakuwatazama machoni. Alivua kiatu cha kanisani, na Sabato au si Sabato, kiatu kikaruka. Tumbili wakatawanyika, kila mmoja na hindi lake kwapani. Kisha mama akatembea mstari baada ya mstari akigusa mabua matupu, akafika mtoni, akarudi. Mimi nilikuwa nimesimama natayarisha hotuba kuhusu sayansi. Akaniita tata, kama mama wa huku anavyomwita mwanawe akimpenda sana au akikaribia kumuua.

"Tata," alisema, "wenzako wameshiba, na wewe umekula majani. Sasa wakimbilie kabla hawajafika mbali, uwaulize sisi tutasonga nini."